Nilipotoka Kwenye Tangi

Nilizaliwa kijijini Singida, mahali ambapo mtoto anaweza kukua hadi utu uzima bila kuona maji yanayomfika kiunoni. Nilikuja Stockholm mwishoni mwa miaka ya sitini kusomea uuguzi. Nilijifunza kuogelea nikiwa mtu mzima, kwenye bwawa la ndani, pamoja na wauguzi wenzangu walionicheka kwa sababu nilikuwa naziba pua hata nikiogelea chali. Baadaye niliolewa na Göran, fundi umeme, Mswidi mpole anayependa kupiga mbizi kuliko anavyopenda kulala. Alinifundisha kuvaa mtungi wa hewa mgongoni na kupumulia mdomoni. Mwili wangu ulikuwa na afya. Nilipanda ngazi za wodi siku nzima na jioni nikacheza dansi.

Majira ya baridi ya mwaka mmoja, katikati ya miaka ya sabini, tulikwenda likizo Tobago, kisiwa cha Karibiani. Nakumbuka furaha yangu ya kuvua koti. Wageni wa hoteli waliniona mweusi kama wenyeji, wakadhani mimi ni mtumishi, wakawa wananiagiza. Mgeni mmoja wa hoteli aliniomba taulo, na mpishi akamjibu kwa niaba yangu, "Huyu ametoka Ulaya, bwana, taulo umletee wewe!" Tulicheka sana. Aliyetuongoza baharini aliitwa Winston, mtu makini, ambaye kila baada ya mbizi alimwuliza kila mmoja hali yake.

Hapa niwaeleze jambo moja, kwa sababu ugonjwa wangu ulipitia hapo.

Kwetu mtu akikuuliza hali, unajibu njema kwanza. Hata nyumba ikiwa na msiba tunasema, "Nzuri, ila baba hatunaye." Neno la kwanza ni heshima, habari yenyewe inafuata watu wakishakaa. Anayeuliza anajua, kwa hiyo anasubiri. Wenzetu wa huku, na hata wale wa Tobago, wakiuliza wanapokea jibu la kwanza na kuondoka nalo. Nilikuwa nimeishi Sweden miaka kadhaa na nilikuwa nalijua hilo. Lakini kujua jambo kichwani hakuuzuii mdomo.

Siku hiyo tulishuka mara mbili, kwenda chini sana, kando ya ukuta wa matumbawe. Jioni bega la kulia lilianza kuniuma, maumivu ya ndani kwa ndani kama ya jino bovu. Ngozi ya tumbo iliwasha. Winston alipita.

"Vipi, Naomi, mzima?"

"Mzima, asante," nikasema, nikavuta pumzi ili niendelee na habari ya bega. Alikuwa ameshafika kwa mgeni mwingine.

Sikumwita. Nilijiambia kwamba ni kubeba mtungi. Göran aliponiuliza nilimjibu vilevile, na yeye, kama watu wake, aliridhika.

Kesho yake asubuhi nilishuka tena. Nikiwa chini bega lilipoa, nikafurahi. Tulipopanda juu, nikiwa bado nimekaa kwenye boti, nilihisi kitu kama mkanda kinanibana kiuno, kinakazwa na kukazwa. Miguu ikaanza kuchomachoma, kisha ikanyamaza. Nilijaribu kusimama nikaanguka juu ya mitungi. Nilitaka kukojoa na mkojo haukutoka, ingawa kibofu kilikuwa kimejaa hadi kuuma.

"Naomi, simama," Göran alisema.

"Nimesimama," nilimjibu. Kwa kweli nilidhani nimesimama.

Niwaelezee ugonjwa huu, maana wengi wenu hamjawahi kuusikia. Mtu akiwa chini ya maji mengi, hewa anayoivuta inashindiliwa ndani ya damu na nyama, kama hewa inavyoshindiliwa ndani ya soda. Akipanda polepole, inatoka taratibu. Akipanda haraka, au akishuka mara nyingi bila kupumzika, inatoka kwa mapovu, kama chupa iliyofunguliwa ghafla. Mapovu yakikaa kwenye kiungo, kiungo kinauma. Yakikaa kwenye uti wa mgongo, miguu inakufa. Dawa yake ni kumrudisha mgonjwa kwenye mgandamizo: anafungiwa ndani ya tangi la chuma, hewa inashindiliwa upya hadi mapovu yasinyae, kisha inapunguzwa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Mlango haufunguliwi katikati. Ukifunguliwa, aliyemo anaweza kufa.

Tobago hapakuwa na tangi. Nilipelekwa kisiwa jirani cha Trinidad kwa ndege ndogo iliyoruka chini kabisa, karibu na mawimbi, kwa sababu anga la juu lingeyakuza mapovu. Huko wapiga mbizi wa visima vya mafuta vya baharini walikuwa na tangi lao, jembamba, la kutosha mgonjwa mmoja aliyelala na mhudumu aliyejikunja. Daktari alinigusa miguu kwa sindano. Sikuhisi kitu.

"Maumivu yalianza lini?" aliuliza.

"Jana jioni."

Aliacha kuandika. "Jana? Na hukumwambia mtu?"

"Nilisema mimi ni mzima."

Waliniingiza. Masikio yaliuma, joto likapanda, nikatapika kwenye ndoo. Mhudumu alinipangusa na kunisimulia habari za kuku wake. Baada ya muda mrefu nilihisi kidole gumba cha mguu wa kulia. Nililia kwa furaha. Kwenye dirisha dogo la mviringo nilimwona Göran, nikamwonyesha mguu. Hakutabasamu. Alikuwa anatazama nyuma yake.

Nilipotolewa ndipo nilipojua alichokuwa anakitazama. Wakati nimo ndani, walikuja jamaa wawili wamembeba mwenzao, Ezra, mvuvi anayepiga mbizi kutafuta kamba koche, baba wa watoto wadogo. Alipatwa na ugonjwa huohuo asubuhi ile ile. Ndugu zake walimkimbiza mara moja, bila kuchelewa hata kidogo. Walimlaza kwenye benchi la mbao mbele ya mlango wa tangi, na hapo akasubiri mpaka mimi nimalize.

Kama ningesema habari ya bega jioni iliyotangulia, ningeingia tangini usiku huo, na asubuhi tangi lingekuwa wazi.

Tulilazwa hospitali moja. Siku ya kwanza niliyoweza kusimama, nikishika ukuta, nilijikokota hadi barazani na kumkuta Ezra kwenye kiti cha magurudumu, mkewe nyuma yake.

"Ndiye wewe mwanamke uliyekaa ndani ya tangi langu?" aliuliza.

"Ndiye mimi."

"Ulikuwa unapika nini humo? Tulisubiri mpaka tukaona njaa."

Nilitaka kucheka nikashindwa, nikalia mbele yake. "Usilie, dada," alisema. "Mimi nilishuka mara nyingi kupita kiasi, kila mtu kijijini anajua. Bahari haikuniuliza kama wewe umo."

Mkewe alikuwa anatazama miguu yangu iliyokanyaga sakafu.

Tuliporudi Stockholm nililazwa hospitali kwa mazoezi ya viungo. Mguu wa kulia ulirudi vizuri. Wa kushoto ulikuwa mzito, ukiburuta, na usiku nilijikojolea bila kujua. Kila siku mtaalamu wa mazoezi, Birgit, aliniuliza hali, nami nikamjibu safi. Alikuwa na wagonjwa wengi, akaniachia mazoezi ya wenye hali safi. Nami nikayafanya nusu. Sikuwa mvivu. Kila nilipopiga hatua nzuri nilimwona yule mama akitazama miguu yangu. Niliona aibu kupona.

Watanzania na Wakenya wa hapa walikuja kunijulia hali, kama ilivyo desturi. Walikuja wengi mno, wakiwa na vyungu, hadi wauguzi wenzangu wakawapanga wawili wawili mlangoni. Kila mmoja alisema pole, na kila mmoja nikamjibu, "Nimeshapoa."

Aliyenishinda ni Dada Zuhura, mtu wa Tanga anayeishi Tumba, kitongoji cha Stockholm, aliyefanya kazi ya kufua mashuka. Yeye husema alichokiona. Siku hiyo alipoinama kunitandikia aligusa godoro.

"Pole, mdogo wangu."

"Nimeshapoa, dada."

"Umepoa wapi? Godoro limelowa!" Akavuta kiti, akakaa, akanyamaza. Alisubiri kama watu wa nyumbani wanavyosubiri. Sikuweza kuvumilia ukimya ule. Nikamwambia yote, ya bega na ya Winston, ya Ezra na benchi, na ya mkewe.

"Kwa hiyo unamlipa kwa mguu wako wa kushoto?"

"Sijui, dada."

"Nakuuliza tu. Ukiuacha ufe, ataupokea? Utamfika kwa posta?"

Nilimkasirikia. Nilimwambia hana huruma. Alinibadilishia mashuka akiimba kwa sauti ya chini, akaniachia ndizi za nyama, akaenda kuwahi treni yake.

Kesho yake Birgit aliponiuliza, nilifungua mdomo na neno lile likataka kutoka lenyewe. Nikalimeza. Nikasema, "Vibaya. Wayo wa kushoto hauhisi baridi wala moto. Nakojoa kitandani. Naogopa. Na kuna mtu huko Trinidad ambaye kwa sababu yangu hatembei." Niliona aibu kama mtu aliyetukana hadharani.

Birgit aliketi sakafuni, akaushika wayo wangu mikononi mwake. "Asante," alisema. "Sasa najua pa kuanzia."

Tulianza upya. Alinifundisha kutembea nikiutazama mguu, kwa kuwa mguu wenyewe haukujua ulipo. Alinipangia saa za kwenda chooni hata nisipohisi haja, mpaka kibofu kikazoea. Niliungua wayo kwenye kipasha joto cha ukutani bila kuhisi, kidonda kikachukua wiki kupona, tukarudi nyuma, tukaanza tena. Majira ya kiangazi yalipofika nilitembea kwa fimbo kutoka nyumbani hadi dukani. Theluji iliporudi nilikuwa nimeiacha fimbo. Bado ninachechemea nikichoka, na bado nautazama mguu kwenye ngazi.

Nilimwuliza daktari kama Ezra angetembea lau angeingia tangini mapema. Alisema wapo wanaoingia mapema wasipone, na wapo wanaochelewa wakapona. Hakuna anayeweza kujua. Nililipokea jibu hilo kwa sababu ni la kweli, ingawa halikuniondolea kitu. Winston alimuulizia, akatuandikia barua kwamba Ezra anatembea kwa magongo, hapigi mbizi tena, anasuka mitego ya kamba koche na kuwakemea vijana wanaoshuka mara nyingi. Nilimtumia salamu. Alirudisha salamu, na kwa mujibu wa Winston aliuliza kama wanawake wa Afrika wote wanakaa ndani muda mrefu hivyo. Mkewe hakutuma salamu, na mimi siwezi kumdai.

Namshukuru Mungu, na yule mhudumu mwenye kuku, na Birgit, na Göran ambaye siku hizi akiniuliza hali hukaa kwanza. Namshukuru Dada Zuhura, ingawa nilimnunia mwezi mzima.

Wewe unayesoma haya ukiwa mgonjwa, nisikilize. Usingoje ujisikie huna hatia ndipo upone. Mimi nimepona nikiwa nayo. Na ukiwa mbele ya daktari wa huku, tumia neno lako la kwanza kutaja panapouma, kwa sababu huenda lisiulizwe la pili. Utaona umekosa adabu. Vumilia. Yeye hataona hivyo.

Na kama ni wewe unayemjulia hali mgonjwa, akikujibu hajambo, usisimame bado. Kaa.