Umeme wa Kilomita za Mwisho

Simu iliita binti akiwa ameinama kando ya gari la baba yake, akichomoa waya wa chaji. Muuguzi wa zamu wa wodi alikolazwa baba alimuuliza kama ana mtu karibu, na swali hilo lilitosha. Aliuviringisha waya kama alivyofundishwa, akautundika kwenye msumari wake, ndipo akaingia ndani kumwambia mama.

"Kazi ya Mungu haina makosa," mama alisema, akakaa sakafuni.

Marehemu alikuwa dereva. Miaka minane aliwapeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu katika hospitali ya mji wa pili, kilomita hamsini kwenda, hamsini kurudi. Wao ndio waliompa jina la Kimyakimya, kwa sababu ya gari lake lenye injini ya petroli na mota ya umeme, linalochajiwa nyumbani kama simu. Chaji ikijaa hufika kilomita arobaini tu. Madereva wengi wa magari hayo huumaliza umeme wote barabara kuu, wakaingia kwenye foleni injini inanguruma. Yeye alifanya kinyume. Barabara kuu alibonyeza kitufe cha kutunza chaji, kazi akaiachia petroli. Penye foleni na vichochoro alirudi kwenye umeme. Kwenye mteremko aliinua mguu, gari likajirudishia chaji lenyewe.

"Petroli ni ya kukimbia," alisema, "umeme ni wa kutambaa."

Binti, fundi cherehani, alipoanza kumpokea usukani alidhani huo ni ubahili wa kizee. Juma la kwanza tu aliumaliza umeme barabara kuu. Foleni ya jioni ikawakuta na injini inatetemeka, harufu ya moshi inaingia madirishani, na bibi mmoja aliyekuwa ametoka kusafishwa damu akajitapikia mapajani. Baba hakugomba. Alisafisha kiti, akasema, "Mwanangu, mtu aliyechoka huchokea zaidi hapa karibu na nyumbani. Kizuri mwekee hapa."

Siku ya mazishi viti vya nyuma vililazwa, jeneza likaingia. Kutoka mwanzo wa mtaa hadi makaburini ni kilomita mbili, na watu wangetembea nyuma ya gari. Binti aliomba jambo moja tu kwa Mungu: Kimyakimya asiwapulizie moshi waliokuja kumsindikiza. Alipokuwa akienda kumchukua mochwari, katika hospitali ya mji wa pili, hakugusa umeme hata kidogo.

Wakati wa kurudi mjomba wake alikaa naye mbele. "Umeme umejaa pomoni, unachoma petroli ya nini?"

"Natunza chaji, Mjomba."

"Unaitunza uende nayo akhera?"

Binti alicheka kidogo, kisha kicheko kikageuka kilio, akaendesha huku machozi yanamtoka. Gari lilikuwa kimya. Akadhani ni kimya cha msiba. Walipokaribia mji wao akatupa jicho kwenye kioo cha vipimo: umeme wa kilomita moja.

"Mjomba! Nani amebonyeza hapa?"

"Mimi, mama. Nilitaka kukuokolea mafuta."

Hakuwa na nguvu za kugomba. Alibonyeza kitufe, injini ikawaka. Mbele yao palibaki mteremko mrefu wa kuingilia mjini. Akainua mguu na kuachia gari lishuke taratibu, magari ya nyuma yakimpigia honi. Mjomba akatoa mkono dirishani akawafokea, "Piteni! Tumebeba mtu!" Kisha akakodolea macho vipimo, anahesabu kwa sauti kama mtoto. "Mbili. Mbili bado. Tatu! Tatu, mama!"

Mwanzo wa mtaa watu walikuwa wamesimama, wagonjwa wa figo wakiwa mbele. Binti akarudisha umeme, injini ikazimika. Wakaenda mwendo wa mguu, na ndani ya gari zilisikika sala za waliokuwa nyuma, neno kwa neno. Bibi yule yule alitembea njia nzima ameshika ukingo wa gari. Kwenye geti la makaburi umeme ulibaki wa kilomita moja.

Wanaume sita walilitoa jeneza. Kiongozi wa sala aliomba kwa ufupi. Likateremshwa kwa kamba, mama akatia udongo, kisha binti, kisha mjomba. Saa tisa na robo kaburi lilikuwa limefukiwa, na watu wakaanza kurudi makwao kwa miguu.