Kidoti cha kijani kwenye shotgani ya baba

Leo nimemfungia baba kidoti kipya cha kulengea kwenye shotgani yake, halafu nikamnyang'anya bunduki yenyewe.

Nguruwe pori wanatumalizia mahindi hapa Kisondela. Bunduki ina kibali, ila baba analalamika kwamba usiku haoni pa kulengea.

Dukani Mbeya nilichagua kidoti cha kijani kinachong'aa gizani, chekundu kilikuwa hafifu. Nyumbani nikafungua cha zamani mwishoni mwa mtutu, nikakaza kipya.

Risasi hazikuwemo, nilihakikisha. Tukaingia stoo, nikafunga mlango kuwe giza.

"Baba, unakiona?"

"Naviona vizuri sana, mwanangu. Vyote viwili."

Jamani, nimefunga kimoja!

Nikaishika bunduki. "Baba, hutoki nayo tena. Alfajiri watu wanapita pale shambani."

Akafoka kwamba mwenye kibali ni yeye. Sikuachia. Naye hakuachia.

Kisha akauliza taratibu, "Kwani wewe unaona kimoja?"

"Kimoja tu, baba."

Akaachia.

Kesho nampeleka kwa daktari wa macho, apende asipende. Nguruwe tutawafukuza kwa kupiga madebe.

Ila tangu mchana hasemi nami. Mliowahi kumnyima mzazi kitu chake, mlianzaje kuongea tena?