Pedi ya Kandambili

Mume wangu alirudi nyumbani Kambarage kutoka machimbo ya dhahabu ya Kharumwa na mguu ulioteguka. Nilimhurumia, lakini pia nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kushtuka kila simu ikiita, nikidhani naambiwa duara, yaani shimo lao, limemfukia. Nilitaka abaki nyumbani moja kwa moja. Kumbembeleza ilikuwa kazi bure, kwa hiyo nikampa kazi.

Mimi nahariri video za harusi, na kompyuta yangu mpakato ilikuwa inajikongoja. Nilikuwa nimepata prosesa yenye nguvu zaidi, na fundi wa sokoni alishanielekeza namna ya kuibadilisha.

"Nisaidie," nikamwambia. "Mkono wako hautetemeki."

"Nikiweza, nitabaki tufanye wote," akasema. "Nikishindwa, mguu ukipona narudi Kharumwa."

Tukafungua. Tukafuta pesti ya zamani, ile dawa ya kijivu inayopitisha joto la prosesa kwenda kwenye bomba la shaba lenye feni. Prosesa mpya ilipokaa, nikaitia pesti kiasi cha punje ya mchele. Yeye alitaka tupake kama samli kwenye ugali, nikamzuia. Tatizo likaja kwenye pedi, kipande laini kinachokaa kati ya chipu ya picha na shaba. Ilikuwa imezeeka, ikasagika mikononi mwetu, na nyingine hatukuwa nayo.

Akavua kandambili. Akakata kipande cha kisigino kwa wembe, akakipunguza mpaka kikaenea barabara.

"Pampu ya duara ikivuja tunaziba na hii, mayu. Haijawahi kutuangusha," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma.

Moyo wangu ulisita, lakini alikuwa anapiga mluzi, na tangu arudi sikuwa nimeusikia. Nikamwacha akibandike.

Kompyuta iliwaka vizuri. Tukaipa video ya harusi iichakate huku tukiitazama kiooni. Bibi harusi hajafika hata mlangoni mwa ukumbi, chumba kikanuka mpira na kioo kikawa cheusi.

"Si unaona," akasema taratibu. "Mimi ni wa chini ya ardhi tu."

Hapo nikakasirika kweli. "Umekata vizuri kuliko fundi, ila umekata kitu sicho. Mpira unazuia maji, na joto nalo unalizuia. Vaa hiyo kandambili yako twende sokoni."

Alitembea akichechemea, kisigino kimoja kinagusa lami, amenuna njia nzima. Kwa fundi akaziminya pedi moja moja kati ya vidole akilinganisha unene, akachagua. Nyumbani tukafuta pesti, tukapaka upya, akakata pedi mwenyewe. Safari hii bibi harusi aliingia ukumbini, akacheza mpaka mwisho.

"Huyu dada anacheza kama anakanyaga udongo wa tofali," mume wangu akasema, na tukacheka hadi machozi.

Siku chache baadaye, mguu wake ukiwa umepona, jirani alileta kompyuta yake inayojizima. Sijainuka, mume wangu ameshaipokea na kuifungua. Akauliza kama kuna kitambaa cha kufutia pesti. Nikaanza kutafuta.

"Acha," akasema.

Akaingia chumbani, akatoka na shati lake la kushukia duarani. Akalichana mkono, akainama, akaanza kufuta. Mimi nikageukia dirishani, maana nilikuwa nacheka peke yangu.