Kilichoandikwa Kimeandikwa

Karani wa parokia hagusi kompyuta kabla hajafuta mikono kwenye sweta, maana vumbi la Sumbawanga halina adabu. Tovuti ya parokia ikimgomea hagombi. Huandika kosa kwenye daftari kwa mwandiko wake wa vyeti vya ubatizo: picha imekataa kupanda, neno la siri halikubaliki, ukurasa umekuwa mweupe. Akimaliza kazi husoma yote mara tatu kwa kunong'ona, kisha hubonyeza “Hifadhi” jinsi anavyofunga rejista. Kwake, kilichoandikwa kimeandikwa.

Hivyo ndivyo alivyouhifadhi ukurasa wa Bibi Avelina: picha yake akipepeta ulezi, na chini yake maneno, “Vitus mwanangu, uliyevukia Kongo kupitia Kasanga, nyumba ni ileile.” Kila Jumapili baada ya misa bibi alichungulia mlangoni. “Ameniona?” “Bado, bibi. Pengine hana bando.” Alimjibu hivyo miezi minane, kwa upole, kwani kwenye kompyuta yake ukurasa ulionekana wote.

Wiki moja baada ya kumzika bibi, karani aliutafuta ukurasa ule kwenye simu ya paroko. Haukuwepo. Akarudi mezani, na pembeni mwa “Hifadhi” akaona kitufe cha pili, “Chapisha”, ambacho hajawahi kukigusa. Akafuta mikono, akakibonyeza.

Siku ya tatu likaingia jibu: “Shikamoo mama. Nimekuona. Nakuja.”

Karani alilisoma mara tatu, akinong'ona. Kisha akafungua daftari la makosa, akaandika la kwake.