Jaruba la Mwisho Bondeni

Mama yangu alizaliwa Rufiji, na kwao mtu akipitisha siku bila wali huhesabu ameshinda na njaa. Baba alipomuoa akamleta Chamazi, enzi hizo Chamazi ni mikorosho na vichaka, mama hakuulizia soko wala zahanati. Aliuliza maji yanatuama wapi. Akaonyeshwa bonde lililo nyuma ya nyumba yetu, pale kijito kinapotanuka kabla ya kuendelea kuteremka, pamejaa matete na vyura. Akaenda kwa mzee mwenyeji aliyekuwa na eneo lile, akamwomba sehemu ya kulima. Yule mzee alicheka. Akamwambia chukua, mwanangu, hapo hata nguruwe pori hapataki. Akampa moja kwa moja, siyo kwa kuazima, na yakasemwa kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili.

Shahidi mmoja alikuwa baba. Wa pili alikuwa jirani yetu wa karibu, mwanamke aliyetoka Newala, mumewe mchonga vinyago. Siku ileile naye akaomba kipande chake, akapewa cha juu ya kile cha mama, kule maji yanakoingilia. Kwao walilima mihogo na korosho, mpunga hakuujua. Mama ndiye aliyemfundisha kila kitu: kutengeneza kitalu, kunyanyua matuta ya udongo kuzunguka jaruba ili maji yasitoroke, kupandikiza miche kwa kurudi nyuma ili usikanyage ulichopanda. Sie watoto tulimwita mama mdogo, na mpaka nimekuwa mtu mzima sikuwahi kufikiria kwamba hatuna undugu wa damu.

Nakumbuka migongo yao miwili imeinama sambamba kwenye tope, kanga zimekunjwa juu ya magoti, wakiwasema waume zao kwa sauti kubwa kwa sababu bondeni hakuna wa kuwasikia. Mama alipojifungua mdogo wangu wa kiume, mvua zilikuwa zimeshaanza na miche imeshazidi kimo. Mama mdogo akapandikiza majaruba yote mawili peke yake, la kwetu kwanza. Jioni akaja kumchemshia mama maji ya kukanda, miguu yake bado ina matope mpaka kwenye mapaja. Kama mtu angeniambia wakati ule kwamba mwanamke huyu atatufanyia alichokuja kutufanyia, ningempiga.

Mie na mdogo wangu kazi yetu ilikuwa kuamia ndege. Tukitoka shule tunatupa madaftari, tunashuka bondeni na makopo na manati, tunapiga kelele hadi koo linakauka. Tulilalamika kila siku. Lakini mpunga mpya ukikobolewa, mama akiinjika sufuria la kwanza, harufu ilipanda mpaka barabarani na watu walipita kwetu wakijidai wameleta salamu. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na bati lenye kutu. Lakini hatukuwahi kununua mchele dukani, na jambo hilo mama alilisema mbele za watu kama wengine wanavyosema mtoto wao yuko Ulaya.

Baba alifariki, mama akaendelea. Mumewe mama mdogo naye akafariki. Mie nikaolewa Kipawa, nikaweka cherehani kibarazani, nikawa naenda kwa mama wakati wa kupandikiza na wakati wa kuvuna. Kila nilipokwenda, mikorosho ilikuwa imepungua. Lami ilifika. Madalali wakaanza kushinda njia panda kwa mama lishe, na huko mlimani kila kipande kikawa kina mwenyewe, kina tofali, kina geti kabla hakijapata nyumba. Ardhi ya juu ilipokwisha, watu wakaanza kutazama chini.

Mdogo wangu, aliyekuwa anaendesha bajaji, alikuwa wa kwanza kulisema nyumbani.

"Mama, tumwage kifusi pale. Tupate kiwanja. Nijenge hata vyumba vitatu vya kupangisha."

"Na mchele?"

"Mchele si tutanunua, mama. Watu wote wananunua."

Mama hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba nyumba ya baba yenu ni yenu nyote wawili, muigawane mtakavyo nikifa. Bonde ni la atakayelima. Kama hakuna atakayelima, hapo ndipo mtakapoulizana. Nilimwona mdogo wangu amekasirika, na moyoni nilimuunga mkono nusu. Mume wangu na mie tulikuwa wapangaji. Nani asingetaka kiwanja?

Mwaka huohuo, mama mdogo alivuna mapema kuliko mama. Alisema mbegu yake ni ya muda mfupi. Mpunga wa mama ulikuwa ndiyo kwanza unainamisha vichwa. Siku chache baada ya mavuno yake, nikiwa nimekwenda kumsaidia mama kuamia ndege kwa kuwa watoto wa siku hizi hawataki, tukasikia lori linateremka kinyumenyume kutoka juu. Lilisimama ukingoni mwa jaruba la mama mdogo, likanyanyua bodi, likamwaga. Vipande vya zege, vigae, matofali yaliyovunjika, nondo zilizopinda. Kisha likaondoka, likaja jingine.

Mama alisimama na kopo lake mkononi. Akapanda tuta kwa tuta hadi kule juu. Mama mdogo alikuwa amesimama na watoto wake wawili wa kiume, anawaelekeza madereva.

"Mwenzangu," mama akamwambia, "maji yangu yanapitia kwako."

"Yatapata njia, dada. Maji hayakosi njia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenikataza." Hakumtazama usoni. "Wa kwako mmoja kaolewa, mwingine ana bajaji. Wa kwangu hawa wanalala sebuleni, watu wazima na ndevu zao. Nifanyeje? Niwalaze kwenye jaruba?"

Mama akageuka, akarudi tuta kwa tuta hadi kwenye mpunga wake. Lile neno lilikuwa kweli.

Mama alivuna mpunga wake ule, ukatosha. Mwaka uliofuata ndipo tulipoelewa kilichotokea. Kiangazi, jaruba lilipasuka kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu, kwa sababu yale maji madogo ya kijito hayakufika tena. Masika yalipoingia, maji yote yakashuka kwa pamoja, yakaukwepa mwinuko wa kifusi, yakamwagikia kwa mama. Yalileta pampasi, chupa za plastiki, magodoro yaliyooza. Na yalileta kingine. Mvua kubwa ikinyesha, watu wa mlimani wanatapisha vyoo. Wanatoboa shimo, wanaachia, mvua inabeba. Mama alikuwa anapandikiza miche ndani ya maji hayo, na mimi nilimkuta akinawa kwa dawa ya kufulia hadi ngozi inamenyuka.

Alivuna hivyo hivyo. Akampelekea jirani mmoja kisado cha mchele kama alivyozoea. Yule jirani akapokea, akashukuru, na mama alipokuwa anafunga geti akamsikia akimwambia binti yake awape kuku, huo ni mchele wa vyooni. Mama alinisimulia jambo hilo huku anacheka. Kicheko chenyewe sitaki kukisikia tena.

Baada ya mama mdogo, wengine nao wakajaza. Kila aliyejaza alimsukumia mwenzake maji, na kila aliyesukumiwa alijaza naye ili ajiokoe. Mwishowe bonde zima likawa limeinuka, nyumba za bati za rangi zimesimama mahali pa matete, na katikati yake pamebaki jaruba moja, la mama, limezama kama sahani. Mama mdogo alijenga vyumba sita vinavyotazamana, na kibaraza chenye vigae. Wanawe hawakulala tena sebuleni. Tulipopita alitukaribisha chai, na mama aliingia, akanywa.

Kisha zikaja habari za urasimishaji. Mwenyekiti wa mtaa aliita mkutano, akatangaza kwamba wapimaji watapita, kila mwenye eneo asimame kwenye mpaka wake, apimiwe, aweze kupata hati. Mama alifurahi. Alisema sasa mambo ya mdomo yamekwisha. Siku ya kupimiwa alivaa gauni alilolivaa harusini kwangu, akashuka bondeni, akasimama juu ya tuta lake. Mie na mdogo wangu tulikuwa pembeni yake.

Mpimaji alikuwa kijana mpole, kavaa kizibao cha kung'aa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mpaka wangu unaanzia hapa, unakwenda hadi kwenye ule mgomba."

Kijana alitazama kishikwambi chake, akatazama maji, akatazama miguu yake mwenyewe.

"Mama, hapa hatupimi. Hii imeingia kama njia ya maji. Eneo oevu haliruhusiwi kumilikishwa mtu."

"Kwani pale," mama akanyoosha kidole kwenye vyumba sita, "palikuwa nini?"

"Pale pana nyumba, mama."

"Mimi nakuuliza palikuwa nini."

Kijana akainamia kishikwambi chake. Mdogo wangu akaanza kupandisha sauti, mie nikamvuta mkono. Mwenyekiti akaja, kijana akamweleza, na mwenyekiti akasema tusigombane, watu wa zamani wapo, waulizwe. Kama kuna anayejua kwamba hili lilikuwa shamba la mtu na kijito kilikuwa na njia yake nyingine, aseme, tutaandika, ramani itaangaliwa upya. Yule mzee mwenyeji alikuwa ameshakufa. Baba alikuwa amekufa. Shahidi aliyebaki alikuwa mmoja, naye alikuwa amesimama kwenye kibaraza chake cha vigae, mbali kidogo na sisi.

Wakamwita. Alikuja akiburuza kandambili.

"Mama, wewe ni mwenyeji hapa," mwenyekiti akamwambia. "Kijito kilikuwa kinapita wapi?"

Kila aliyekaa pale zamani alijua kilipita wapi. Kilipita pale vilipo vyumba vyake, katikati, chini ya chumba cha mwanawe mkubwa. Na yeye alijua kwamba mtaro wa serikali wa kupitishia maji hayo lazima uchimbwe mahali fulani. Kama si kwenye jaruba la mama, ni kwenye kuta zake.

Akalitazama jaruba. Akasema, "Hapa siku zote palikuwa bwawa. Dada yangu alikuwa anajilimia tu pembeni, hakuna aliyemkataza."

Alimwita mama "dada yangu". Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Nilitegemea mama atapiga kelele, ataapa, atataja siku alizojifungua, miche, majaruba mawili, na baba aliyeshuhudia pamoja na mwanamke yule. Mama alikunja ncha ya gauni lake isiguse maji, akashuka kwenye tuta, akapanda mlima kwenda nyumbani. Mdogo wangu alimtukana mama mdogo matusi ambayo siwezi kuyaandika.  Yeye alisimama tu, kichwa kimeinama, mpaka mwenyekiti akamshika mdogo wangu akamwondoa.

Tulikata rufaa kwa maneno, ofisi moja hadi nyingine. Tulipokelewa vizuri. Kila mahali walituambia hakuna fidia kwa sababu hakuna kilichochukuliwa, maji ni ya umma. Hatimaye kijiko, lile tingatinga la kuchimbia, kikaja, kikachimba mtaro kutoka upande mmoja wa jaruba hadi wa pili, matuta ya mama yakasukumwa pembeni pamoja na takataka. Mama hakwenda kutazama. Siku hiyo aliniambia nimnunulie mchele kilo mbili dukani, na nilipouleta akaupepeta, akatafuna punje moja mbichi, akasema huu wa zamani, umekaa ghalani.

Majirani walipata hati zao. Baadhi waliziweka kwenye fremu ukutani, karibu na picha za harusi.

Mwaka uliofuata mtoto mkubwa wa mama mdogo alioa. Nilipofika kwa mama Ijumaa ile sikumkuta. Nikaambiwa yuko kwenye shughuli. Nikashuka hadi kwenye kile kibaraza, nikamkuta amekaa mkekani na wanawake wengine wanachambua mchele wa pilau, ungo mmoja, upande huu kaushika yeye na upande wa pili kaushika mama mdogo. Walikuwa wanabishana kuhusu chuya. Nilisimama mlangoni, nikakataa kiti, nikakataa soda.

Njiani kurudi nilimuuliza, "Mama, unakwendaje kwa mtu yule?"

"Sasa nisiende, nikifa nitaoshwa na nani? Wewe uko Kipawa."

"Alikunyang'anya, mama. Kwa mdomo wake."

"Najua. Nilikuwepo." Akatembea kidogo, anapumua kwa shida, mlima ulikuwa umeanza kumshinda. "Angesema kweli, wangembomolea. Watoto wake wangerudi sebuleni. Mimi ningefanyaje pale, hata mimi sijui."

"Wewe ungesema kweli."

"Nakwambia sijui," akasema kwa ukali, na mada ikaisha.

Mie najua. Angesema kweli, na yule mwingine alilijua hilo pia.

Mdogo wangu aliuza bajaji, akanunua bodaboda, akaoa. Nyumba ya mama vyumba viwili haikuwatosha, na vyumba vya kupanga huko juu ni ghali. Siku aliponipigia simu kuniambia amepata chumba nilimuuliza wapi, akababaika. Nikajua kabla hajasema. Chumba cha nne kati ya vile sita, upande wa mtaro. Kodi mama mdogo anampunguzia, aliniambia, kwa ajili ya undugu.

Huwa nakwenda kumwona mtoto wa mdogo wangu. Sina njia nyingine, ni damu yangu. Nakaa kwenye kigoda mlangoni, mama mdogo anapita, amezeeka, anajiburuza na fimbo. Nampa shikamoo kwa sababu nimelelewa hivyo. Anaitikia marahaba mwanangu, anauliza hali ya mume, anauliza biashara ya cherehani, kisha anamwita mwanaye mkubwa alete maji ya kunywa kwa mgeni.

Naweka glasi chini bila kuyanywa. Yeye anaiona, kisha anajiburuza na fimbo yake kuelekea ndani.