Nta Nyuma ya Jiko

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, nyuki wa kwanza aliingia jikoni kwangu, mtaa wa Cheyo, Tabora. Niliitazama saa kwa sababu nilikuwa nikihesabu muda: basi la kutoka Puge lingefika saa nane mchana, nalo lingemleta mke wangu, aliyekuwa kwa mama yake kwa miezi saba.

Alikwenda kumuuguza mama. Hilo ndilo tulilowaambia majirani. Lakini siku ya kuondoka alinionyesha chungu cha maharage kilichodondokewa na udongo wa ukutani, akasema, "Fundi wa majiko ya wenzio! Nitarudi siku nitakayokula bila kutafuna ukuta." Nilikuwa nimejenga majiko katika nyumba nyingi za maofisa wa reli. La kwangu lilikuwa na kuta za udongo.

Nilianza kuutengeneza ukuta masika yalipokwisha. Nilileta mawe bapa kutoka upande wa Kwihara, nikayachonga, nikayasugua kwa mchanga na maji, kisha nikayabandika kwa saruji nyuma ya jiko, safu nne. Rangi zake hazikulingana. Mengine yalikuwa meupe kama unga. Nikachemsha magome ya mninga na kuyapaka mawe maji yake mara tatu, kila mara nikingoja siku nzima yakauke, mpaka ukuta ukawa wa kahawia mtupu. Jioni nilikula peke yangu mbele yake. Mara mbili nilijikuta nikiusemesha.

Ilibaki kuziba vitundu vya mawe ili mafuta ya kupikia yasiingie. Kitabu cha mafundi, nilichokisoma kwa msaada wa kamusi, kilisema nta ya nyuki iyeyushwe pamoja na mafuta ya kitani na tapentaini. Nta Tabora haisumbui kupatikana. Nilinunua bonge sokoni, likiwa bado linanukia asali. Sikulichuja, kwa kuwa nilikwisha kumwandikia mke wangu aje Jumamosi. Ijumaa nikaipaka kwa kitambaa, nikawasha jiko ili joto liisukume ndani ya mawe.

Aliyeandika kitabu kile hakuwa mtu wa Unyamwezi.

Kufikia saa sita kundi zima lilikuwa limening'inia kwenye boriti juu ya jiko. Mke wangu akiumwa na nyuki mmoja tu, uso huvimba mpaka macho yanaziba. Nililijua hilo tangu uchumba wetu. Nilifukiza majani mabichi; wakahamia boriti ya pili.

Saa nane mke wangu alifika, mkononi ameshika mwiko mpya, pamoja na kaka yake, mrina asali. Shemeji alichungulia ndani, akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Shemeji, sisi tunapaka nta kidogo tu mlangoni mwa mzinga, nyuki waone njia. Wewe umepaka ukuta mzima! Umewajengea boma!"

"Watoe," nikasema.

"Hawa nitawatoa leo. Kesho watakuja wengine. Harufu imeingia kwenye jiwe."

Mke wangu alikuwa amesimama uani, amejifunika uso kwa kanga. Alitazama kupitia dirishani kwa muda mrefu.

"Mzuri," alisema. "Kweli mzuri, mume wangu." Kisha akamgeukia kaka yake. "Twende tukalale kwa shangazi. Kesho kuna basi."

Nilikwangua ukuta wiki tatu, nikauosha kwa magadi na maji ya moto, nikauziba upya kwa mafuta ya kitani bila nta. Nyuki hawakurudi. Nikaandika barua, shemeji akajibu kwamba mama bado hajainuka kitandani. Barua ya pili haikujibiwa.

Mwiko aliuacha uani. Ninapikia huo.

Nta ilikuwa shilingi sita, mafuta ya kitani tisa, tapentaini mbili na senti arobaini. Nauli yake ya kurudi Puge, niliyomlipia mwenyewe pale kituoni, ilikuwa shilingi nne. Hasara yote, shilingi ishirini na moja na senti arobaini.