Barua Niliyojiandikia

Kabla ya uhuru nilikuwa mwalimu wa kambi ya wavulana watukutu, msituni huko Shanzu. Kila Ijumaa, baada ya swala, tulisomeana barua za kwetu. Mimi sikuwahi kupata hata moja. Basi, mjinga mimi, siku moja nikajiandikia barua, kana kwamba imetoka kwa mama. Nikaisoma kwa mbwembwe, hadi sauti ikanitetemeka penye "mwanangu, twakungoja".

Salimu, mtoto aliyependa kukusanya stempu, akanifuata nje.

"Mwalimu, niwie radhi, naomba stempu yako."

Nikampa bahasha bila kufikiri. Akaigeuza huku na huku. Haikuwa na stempu wala muhuri.

Akanirudishia kwa mikono miwili.

"Ukijiandikia, mwalimu," akaninong'oneza, "bandika stempu kuukuu. Mimi barua zangu ndivyo nifanyavyo."